Nani Asimulie Lugalo? Mwongozo wa Kuchagua Msimulizi wa Riwaya ya Vita vya Zamani

Tarehe 17 Agosti 1891 asubuhi, pale Lugalo, kilomita kama 25 mashariki ya Iringa, kikosi cha afisa wa Kijerumani Emil von Zelewski kiliviziwa na jeshi la Wahehe kikavunjwa kwa muda mfupi mno. Habari hiyo imo katika kila kitabu cha historia. Mwandishi wa riwaya akiishia hapo, atakuwa ameandika tena kitabu cha historia na kuwatia watu maneno mdomoni. Kinachoifanya iwe riwaya ni uamuzi wa kabla ya sentensi ya kwanza: nani anasimulia, alikuwa amesimama wapi, na anasimulia lini.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye Iringa, Njombe, Mbeya au Songea mwenye wazo la riwaya ya vita na kurasa chache zilizokwama. Mifano mingi ni ya Lugalo na Kalenga kwa kuwa maeneo hayo yanafikika. Nenda ukayaone kabla ya kuandika. Tenga wiki mbili za jioni kwa hatua tatu za kwanza, na usianze sura ya kwanza kabla hazijakamilika.

Hatua ya 1: Jedwali la nani alijua nini

Chora safu nne kwenye daftari: tukio, tarehe na saa, nani alikuwepo, na aliyekuwepo angeweza kujua nini saa ileile. Safu tatu za mwanzo utazijaza kwa siku moja. Kwa vita vya Wahehe nguzo zake ni hizi: Lugalo, 17 Agosti 1891; kutekwa kwa ngome ya Kalenga, 30 Oktoba 1894; Wajerumani kujenga kituo kilichokuja kuwa mji wa Iringa wa leo, 1896; Mpangile, nduguye Mkwawa mtawala wa Wahehe, kutawazwa na Wajerumani mwishoni mwa mwaka huohuo na kunyongwa nao mapema 1897; kifo cha Mkwawa, 19 Julai 1898; fuvu lake kurudishwa Kalenga, 1954.

Safu ya nne ndiyo yenye kazi, na wengi huiruka. Chukua Lugalo. Ripoti ya upande wa Wajerumani iliandikwa na Luteni von Tettenborn aliyeongoza kundi la nyuma na akasalimika. Yaani mtu tunayemtegemea kwa habari za mbele alikuwa nyuma. Zelewski na wengi waliokuwa naye mbele waliuawa, hawakuandika kitu. Kwa hiyo hata ripoti rasmi ni masimulizi ya mtu mmoja, ana mahali aliposimama na ana sababu zake: alikuwa akiwaeleza wakubwa wake kwa nini wenzake wamekufa naye yu hai. Ukinakili ripoti yake kama ukweli wa pande zote, umeshamchagua msimulizi bila kujijua, tena umemchagua afisa wa Kijerumani.

Fanya vivyo hivyo kwa masimulizi ya wazee. Ukimsikiliza mzee wa Kalenga, baada ya shikamoo na kamwene na mazungumzo ya kutosha, andika pembeni: yeye alisikia kwa nani, na huyo alikuwa wapi siku ile. Babu aliyekuwa shujaa vitani na bibi aliyefichwa porini na watoto watakuwa wameacha habari mbili zisizofanana, na zote zinakufaa. Usizichanganye kuwa moja.

Hatua ya 2: Mpe msimulizi mwili kabla hujampa maoni

Kabla hujajua anaonaje ukoloni, jua amelala au amesimama, kichwani ana nini, anaelewa lugha gani, na upepo unatokea wapi. Andika dakika kumi zilezile za Lugalo mara tatu, kila mara kwa mtu mwingine, maneno 300 kwa kila mmoja. Hapa tunaonyesha mianzo tu, ya kubuni.

Wa kwanza ni kijana wa Kihehe nyasini:

"Tulilala chini kabla ya mapambazuko. Nyasi za kiangazi zinakwaruza, na ukikohoa umewaua wenzako. Nilisikia punda kabla sijaona mtu. Kisha nikaona miguu, mingi, inapita karibu na pua yangu, na mwenye miguu hakuna aliyetazama chini. Mlio ukatoka. Sikungoja kujua ni wa nani."

Wa pili ni mpagazi aliyetoka pwani na msafara:

"Mzigo ukiwa kichwani huoni mbingu, unaona visigino vya aliye mbele. Visigino vya Juma vilisimama, nikamgonga. Nilitaka kumtukana, lakini punda wa mzinga alikuwa amegeuka anatujia, anaburuta kamba, na mwenye kumshika hayupo. Adhabu ya kutupa mzigo ni hamsa ishirini. Nilikumbuka hilo nikiwa nimeshatupa, tena nakimbia."

Wa tatu ni askari Msudani kundi la nyuma, kwa nafsi ya tatu:

"Bilal aliusikia mlio mmoja, akasubiri wa pili. Huko mbele watu walipiga kelele kwa lugha asiyoijua. Pwani ilikuwa imempa Kiswahili cha sokoni, na hiki hakikuwa Kiswahili. Afisa akasema neno kwa Kijerumani. Ombasha akaligeuza kwa Kiarabu. Neno lilipomfikia Bilal, kilima cha kushoto kilikuwa kimeshajaa watu."

Tukio halikubadilika, lakini hivi ni vita vitatu. Cha kwanza ni vita vya subira. Cha pili ni vya mzigo na kiboko, na adui mkubwa wa mpagazi huenda si Mhehe. Cha tatu ni vita vya amri inayochelewa njiani, kwa sababu jeshi lile lilikuwa na Wasudani waliosajiliwa Misri, Wazulu waliotoka Msumbiji na maafisa wa Ulaya, na neno lilipita midomo kadhaa kabla ya kuwa kitendo. Hakuna aliyehitaji kutoa hotuba. Mahali pa mwili pamesema.

Ukimaliza vipande vitatu, visome kwa sauti. Bakia na yule ambaye, ulipokuwa ukimwandikia, uligundua jambo lisilokuwamo katika jedwali lako. Mara nyingi si yule uliyedhani utamchagua.

Hatua ya 3: Chagua nafsi, na ujue bei yake

Nafsi ya kwanza ina joto, lakini ina hasara moja ya wazi: anayesema "nilikimbia" hakufa. Msomaji anajua hivyo tangu ukurasa wa kwanza, kwa hiyo taharuki ya kufa au kupona haipo. Ihamishie kwingine: alimwacha nani nyuma, alifanya nini ili apone, nani bado hajui. Mpagazi wetu ataishi. Swali ni Juma yuko wapi, na kama msimulizi alimruka.

Nafsi ya tatu ya karibu, inayokaa begani kwa mhusika mmoja, ndiyo tunayoipendekeza kwa riwaya ya kwanza. Inakuruhusu kutumia Kiswahili sanifu bila kumlazimisha kijana wa 1891 aongee kama mhitimu wa chuo, na mhusika anaweza kufa. Sharti lake ni gumu: kisichomfikia yeye hakiandikwi. Bilal hawezi kujua kwamba Zelewski ameanguka mpaka mtu amwambie, na amwambie kwa lugha anayoielewa.

Msimulizi maizi, anayejua yote na kuingia kila moyo, anatuvutia sana kwa kuwa ndiye msimulizi wa hadithi za jioni tulizokulia. Anafaa vita vyenye pande nyingi. Lakini mwandishi asiyekomaa humtumia kama mwalimu wa historia: katikati ya mapigano anasimama kueleza Mkutano wa Berlin. Ukimchagua, muwekee mipaka kwa maandishi, kwa mfano: anaingia mioyo minne tu, na kamwe hatangulii wakati.

Kisha kuna "sisi", sauti ya kijiji au ya kikosi. Ina nguvu ya kilio na ya wimbo. Kabla ya kuitumia jiulize "sisi" ni akina nani mwaka huo. Waandishi wengi wa Nyanda za Juu Kusini huteleza hapa. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 viliwahusu Wangoni, Wapangwa na Wabena wengi, na kituo cha misheni cha Yakobi karibu na Njombe kilishambuliwa Septemba 1905. Wahehe hawakujiunga, wapo waliopigana upande wa Wajerumani, miaka saba tu baada ya kifo cha Mkwawa. Msimulizi wa Majimaji anayesema "sisi watu wa kusini tuliinuka" anafuta jambo zito kuliko yote aliyonayo. Msimulizi Mhehe wa mwaka 1905, mwenye kaka aliyekufa Kalenga na bunduki ya Mjerumani begani, ni riwaya nzima.

Idadi ya wasimulizi: kwa riwaya ya maneno 60,000, wawili wanatosha na watatu ndio mwisho. Kila msimulizi anahitaji maneno 5,000 hivi ili msomaji azoee sauti yake. Ukiwa na sita, nusu ya kitabu itakwisha kwa kukaribisha wageni.

Hatua ya 4: Anasimulia lini?

Kijana aliyekuwa na miaka 15 Lugalo alikuwa na 78 fuvu liliporudi Kalenga mwaka 1954. Huyo ni mtu mmoja mwenye wasimulizi wawili ndani yake, na lazima uamue nani anashika kalamu. Akisimulia kijana wa 1891, ushindi wa Lugalo ni mwisho wa adui. Hajui Kalenga itaanguka miaka mitatu baadaye, na furaha yake inamuuma msomaji anayejua. Akisimulia mzee wa 1954, kila sentensi ya ushindi ina kivuli, na ameshasikia habari za watu wengine akazifanya zake. Njia zote mbili ni halali. Kosa ni kijana wa 1891 kuwa na huzuni ya 1954.

Fanya jaribio hili: katika sura moja, pigia mstari kila neno linalojua mbele, kama "baadaye", "hatimaye", "hawakujua kwamba", "siku hiyo ingekuja kukumbukwa". Kama msimulizi wako yumo ndani ya tukio, yafute yote.

Majina ya mahali nayo yana miaka. Nchi iliitwa Tanganyika kuanzia 1920, kwa hiyo mtu wa 1891 hapiganii Tanganyika. Mji wa Mbeya ulikua miaka ya 1920, enzi ya dhahabu ya Lupa. Mtenga-tenga (mpagazi wa jeshi) wa 1916 hawezi kupumzika mjini Mbeya, lakini anaweza kupita Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu Langenburg. Wala hawezi kusema yumo katika "Vita vya Kwanza vya Dunia", maana vya pili havijapigwa.

Na nchi yenyewe ilikuwa nyingine. Ukisafiri leo kutoka Mafinga kwenda Njombe, misindano na mikaratusi imejaa. Iondoe yote, pamoja na mashamba ya chai ya Mufindi. Mtu wa 1891 alijificha katika nyasi, vichaka, miombo na mawe. Agosti ni kiangazi na baridi kali asubuhi: pumzi zinaonekana, vumbi linanyanyuka, na nyasi kavu zinalia zikikanyagwa. Ulanzi, pombe ya mianzi, hugemwa masika, kwa hiyo mashujaa wasinywe ulanzi mbichi usiku wa kuamkia Lugalo. Piga hesabu ya mwezi pia. Usiku ule mwezi ulikuwa na siku kama 12, unakaribia kujaa, na mwezi wa siku hizo hutua kabla ya alfajiri. Kwa hiyo kijana wetu aliona vizuri akienda kuchukua nafasi yake, kisha akabaki gizani saa za mwisho kabla ya jua. Mwandishi aliyelijua hilo amepata ukurasa mzuri bila kubuni kitu.

Hatua ya 5: Acha Kiswahili kionyeshe upande

Tuna vifaa ambavyo msomaji huvihisi bila kuambiwa.

"Kuja" na "kwenda": ukiandika "Wajerumani walikuja Kalenga", umesimama ndani ya ngome. Ukiandika "walikwenda Kalenga", uko nje pamoja nao. Sura nyingi huharibika kwa kuchanganya hivi viwili katika aya moja.

"Hapa", "hapo", "pale", "kule": viweke kwa kipimo cha mwili wa msimulizi. Aliyelala nyasini hasemi "pale barabarani" kwa njia iliyo hatua tano mbele ya pua yake.

Majina ya adui: watu wa pwani walimpa Zelewski jina la Nyundo kwa ukali wake. Mpagazi atasema Nyundo. Afisa mwenzake atasema Kapteni. Kijana wa Kihehe aliyemwona mara moja tu atasema "yule mzungu". Ukimpa kijana huyo jina kamili la Kijerumani, amekuwa mwanafunzi wa kidato cha nne. Vilevile kwa upande wa pili: kwa watu wake Mkwawa ni mtwa, yaani mtawala, na mtu wake hatamtaja kwa jina tupu kama anavyotajwa katika ripoti. "Uasi" ni neno la aliyejiona mtawala. Mhehe wa 1894 hakuasi mtu, alikuwa kwake.

Wakati wa -ka-: "akainuka, akachoma, akakimbia" una mwendo wa ngoma, na ndiyo sababu unachosha haraka. Vitenzi vitatu au vinne mfululizo, kisha vunja kwa sentensi ya hali: "Vumbi lilikuwa limeziba bonde." Mpiganaji aliyechanganyikiwa hana mfululizo mzuri kiasi hicho.

"Eti", "inasemekana", "nilisikia": ni alama za habari za mkono wa pili. Msimulizi akiripoti asichokiona, azitumie. Hazimdhoofishi, zinamfanya aaminike kwa yale aliyoyaona.

Hatua ya 6: Pale ambapo hakuna shahidi

Saa ya mwisho ya Mkwawa ndiyo mtihani wa kila mwandishi wa mkoa huu. Wajerumani walikuwa wameahidi rupia 5,000 kwa kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898 kikosi cha Sajini Merkl, baada ya kumkamata kijana aliyekuwa naye, kilifika mahali alipojificha kikakuta miili miwili. Merkl alipiga risasi kabla ya kugundua kwamba mtwa alikuwa ameshajiua. Kichwa kikakatwa.

Hakuna aliyebaki hai aliyekuwa ubavuni pake. Ukiingia moyoni mwake na kutuandikia kurasa tatu za mawazo ya mwisho, unajaza pengo kwa sauti yako, na msomaji wa Iringa atalisikia hilo mara moja. Kuna njia tatu bora. Unaweza kukaa na kijana aliyekamatwa: anajua alikotoka, anajua amemwacha nani, anatembea mbele ya bunduki akihesabu umbali uliobaki. Unaweza kukaa na askari wa Merkl aliyesikia mlio, asijue nani kapiga nani. Au unaweza kusimamisha sura pale mlio unaposikika na kuanza inayofuata kijijini, ambako habari inafika imeshakuwa na matoleo mawili. Tunapendelea ya kwanza. Kijana yule ana mzigo wa kujua, na historia imempa nafasi ndogo mno.

Angalizo: wahusika hawa wana kizazi chao. Ukimbunia mtu wa kihistoria kosa la aibu lisilojulikana, mpe jina la kubuni. Usaliti, ubakaji na woga viwekwe kwa wahusika wako mwenyewe.

Hatua ya 7: Usisahau walio nje ya uwanja

Msimulizi anayekaa kwenye mapigano tu atadhani vita huua kwa risasi. Majimaji yaliua zaidi kwa njaa, baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Makadirio ya waliokufa yanatofautiana kutoka 75,000 hadi 300,000. Msimulizi anayeweza kuiona njaa ni aliyebaki nyumbani, na mara nyingi ni mwanamke. Yeye hapimi vita kwa tarehe za mapigano. Anapima kwa kiasi cha mbegu kilichobaki kibuyuni, na siku ambayo aliamua kuipika.

Hatua ya 8: Kukagua rasimu

Chapa sura moja kwenye karatasi na uchukue kalamu tatu. Nyekundu: kila kitu ambacho msimulizi hakuweza kukiona, kukisikia au kuambiwa, pamoja na hesabu kamili ya waliokufa inayotolewa katikati ya mapigano. Bluu: kila neno ambalo lisingekuwapo mwaka huo au kinywani mwa mtu huyo. Kijani: kila mahali msimulizi anapohama moyo wa mhusika mmoja kwenda wa mwingine bila kuvunja sura.

Nyekundu ikizidi, umechagua msimulizi aliyesimama pabaya; mhamishe mwili, usimwongezee masikio. Bluu ikizidi, rudi hatua ya 4. Kijani ikizidi, huenda riwaya yako inahitaji wasimulizi wawili na unaogopa kukubali. Kama huna wino wowote lakini sura imepoa, tatizo ni msimulizi asiyetaka kitu. Mpe haja ndogo ya siku hiyo: maji, kumpata kaka, viatu vya maiti.

Mwisho wasomee watu wawili, mmoja anayeijua historia na mmoja asiyeijua. Usiwaulize kama wamependa. Waulize msimulizi alikuwa amesimama wapi, na waombe wachore. Michoro ikifanana, endelea na sura ya pili.